Kuku Aliyeatamia Seva ya Baba

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, na alikuwa na ugonjwa mmoja: kurekodi. Kila wimbo mpya aliujaribu kwanza sebuleni kwetu Mgwashi, mama akiimba sauti ya pili na kompyuta yake kuukuu ikisikiliza. Baadaye aliusikiliza tena peke yake, akikunja uso kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi, kisha akamwita mama aje asikie alipokosea. Mama alikuja amenuna. Sikumbuki hata siku moja mama akisahihishwa akanyamaza.

Baba alipofariki, mama aliacha kuimba. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa unaotakiwa, akakishika vizuri kwa mikono miwili, na mdomo akaufumba. Watu walisema ni majonzi tu, yatapita. Mwaka ulipita, mdomo haukufunguka. Siku moja tukichambua maharage nikamuuliza, naye akanijibu bila kuinua macho:

"Niimbe, nani atanisahihisha?"

Mimi nafundisha hesabu, kusahihisha ndiyo kazi yangu, lakini nilijua hakunimaanisha mimi. Niliumia, nikaendelea kuchambua maharage.

Kesho yake nikaenda kuiwasha kompyuta ya baba. Haikuwaka. Nikaichomoa diski yake, nikaiunganisha na kompyuta ya shule. Mafaili yalionekana, ila diski yenyewe ilikuwa inatoa mlio, tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tena tik. Nilijua maana yake. Diski ilikuwa inakata roho, na sauti ya baba ilikuwa humo.

Nakala nyingine alikuwa nayo mdogo wangu aliyeko Tanga, kwenye flashi. Nilipompigia simu, alianza kwa kukohoa. Mtu akikohoa kabla ya kujibu, ujue hakuna jema. Flashi alikuwa ameifomati, akafuta kila kitu, ili aweke muziki wa kusikiliza garini. Nilimwambia maneno ambayo dada mkubwa aliyepata kipaimara hapaswi kuyasema, kisha nikamwagiza aniletee diski mbili mpya, haraka, na asinieleze bei.

Hapo ndipo nilipoamua kujenga seva. Mama aliponiuliza seva ni nini, nilimwambia ni kompyuta isiyozimwa, inakaa nyumbani inatunza kumbukumbu zetu kwenye diski mbili zinazofanana, moja ikifa nyingine ibaki, na sisi watoto tunazisikiliza kwa simu popote tulipo. Mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, niliipata kwenye lundo la kompyuta mbovu chini ya meza ya maabara ya shule. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka kiuno kikalia. Mkuu wa shule akaniandikia barua ya kuichukua. Pawa saplai mpya ya kuipa umeme niliinunua Lushoto mjini. Kasha sikupata la kufaa, kwa hiyo seremala jirani akanitengenezea sanduku la mbao za mkaratusi, lenye matundu juu ili joto lipande litoke. Nililisifu mwenyewe kabla mtu mwingine hajapata nafasi.

Niliiweka seva stoo, kando ya gunia la maharage. Mama alisimama mlangoni akatazama zile waya zote zilizoifunga ukutani.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akasema, akaenda zake.

Diski mpya zilipofika kutoka Tanga, nikazifunga ndani ya sanduku pamoja na ya baba, kunakili kukaanza. Diski ya baba ilisoma kidogo, ikapaliwa, ikapumzika, ikasoma tena. Nilipiga hesabu nikaona itachukua siku kumi hivi, mradi isipate joto, maana ikichemka kidogo tu inagoma. Nikampa mama masharti: isiguswe, isizimwe, isisogezwe. Aliitikia kwa utii ulionitia shaka.

Siku ya tatu nikiwa ofisi ya walimu, simu ikaniarifu kwamba seva inachemka na kunakili kumesimama. Nilipomaliza vipindi nikapanda mlima kwenda nyumbani mbio mbio, nikafungua stoo.

Kwanza niliona kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kimetandazwa juu ya seva. Hilo nililielewa. Kwetu kitu chochote kinachotumia umeme huvishwa kitambaa: redio inacho, televisheni inacho, hata pasi iliyoungua mwaka juzi inacho. Ila juu ya kitambaa alikuwepo kuku. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu unaingia mpaka chini ya mlango, na kuku yule mwenye akili zake alikuwa amepata mahali pekee penye joto nyumba nzima. Alikuwa ametandaza mabawa akaziba matundu yangu yote. Nikainama nikachungulia chini yake: mayai kumi na moja.

Kuku hatagi mayai kumi na moja kwa siku tatu. Nikamgeukia mama. Mama akakiri kwamba kuku alijipeleka mwenyewe, yeye aliongeza mayai tu, kwa sababu mahali penyewe palikuwa pazuri.

Nikanyoosha mkono nimwondoe. Kuku akanidonoa mpaka damu ikatoka.

"Kuku akishaatamia hahamishwi," mama akasema. "Atayasusa."

Nilipandwa na hasira. "Mama, humo ndani yumo baba."

Mama akaitazama seva, akamtazama kuku.

"Na hapo juu wapo vifaranga," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma. Tafuta njia wote wakae."

Nilibamiza mlango wa stoo, nikaenda kuazima msumeno. Nikakata matundu ubavuni mwa sanduku, taratibu, kuku akinitazama kwa jicho moja kana kwamba mimi ndiye mvamizi. Nikafunga hapo feni niliyoichomoa kwenye kompyuta nyingine mbovu. Joto likashuka, diski ikaanza kusoma. Nikashika kiuno, nimeshinda.

Asubuhi mama akaniamsha kuniambia kuku anasikia baridi. Alikuwa ameingiza mkono chini yake, mayai yamepoa. Nikapunguza kasi ya feni. Jioni diski ikagoma, nikaiongeza. Kesho yake mama akaingiza mkono tena. Basi nikawa narekebisha feni mara mbili kwa siku, kabla ya shule na baada ya shule, kwa kufuata mkono wa mama. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kila saa naangalia nini kwenye simu. Nikamjibu, kuku. Hakuniuliza tena.

Siku kumi zikawa kumi na nne. Nililala na hofu na kuamka na hofu, kwa sababu ule mlio ulikuwa unazidi. Faili la mwisho la mazoezi lilipoingia nilikaa chini sakafuni nikalia, sioni aibu kusema. Zilibaki video za harusi za watu alizorekodi baba. Kesho yake asubuhi diski ya baba ikalia tik mara moja, ikanyamaza moja kwa moja. Video za harusi zikaenda nayo.

Nikamwita mama. Akaketi juu ya gunia la maharage, mikono mapajani, kama aliyeitwa ofisini. Kuku alikuwa bado juu, zimebaki siku zake. Nikafungua faili la kwanza lililokuja.

Tulisikia viti vikiburutwa. Kuku wa uani wakalia humo kwenye rekodi, na wetu wa juu ya sanduku akainua kichwa. Kisha kikohozi cha baba, na sauti yake: "Sauti ya pili, tayari."

Mama wa kwenye rekodi akaanza kuimba. Alifika mstari wa pili, baba akamkatiza.

"Simama. Umeshuka. Rudia."

Karatasi zikachakacha. Na hapo stoo, mama yangu aliyekuwa amefumba mdomo zaidi ya mwaka mzima akaufungua, akarudia, akienda sambamba na mwenzake wa kwenye rekodi. Sauti ilikwaruza. Alipofika mstari wa pili akashuka, palepale. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa kwaya, nilisikia wazi, nikanyamaza.

Baba hakunyamaza. "Umeshuka tena," akasema kutoka ndani ya sanduku.

Mama akanuna, ule mnuno nilioujua tangu utotoni, akaligeukia sanduku.

"Sijashuka," akamjibu. "Wewe ndiye umepandisha."

Kisha akaniamuru nirudishe nyuma, waanze upya.