Siku Nilipofundisha "Custody" kwa Vitendo

Jamani, hii naisimulia kwa aibu, na mkinicheka mna haki, maana aliyenifunga kamba nilimwomba mwenyewe.

Mimi ni dereva wa wahandisi Wachina hapa Jeddah, tunakaa nyumba moja mtaa wa Aziziya, na mkubwa wao, Bwana Liu, mtu mzima wa kunizaa, huwa namfundisha Kiingereza kila Ijumaa (mimi niliyepata D shuleni kule kwetu Kitui, lakini nani atamwambia?). Ijumaa hiyo akaniuliza "custody" ni nini. Ningemjibu tu ni kushikiliwa na polisi, yaishe. Lakini kiherehere changu! Nikampa kamba ya mizigo anifunge mikono, yeye awe polisi, mimi mwizi, sebule tukaiona ndogo, tukatoka mpaka barabarani, yeye ananisukuma, mimi napiga mayowe kwamba sikuiba.

Likatokea gari la polisi, la kweli sasa. Askari akauliza kuna nini, na Bwana Liu, asiyejua Kiarabu hata cha salamu, akatabasamu kama mtoto aliyepata hesabu: "He is in custody!"

"Ikama?" askari akanigeukia.

Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kwenye suruali nyingine. "Mafi," nikasema, sina, mikono imefungwa, majirani wamejaa getini na simu zao. Nikapandishwa gari. Hapo mchezo ukaisha, nikaona kazi imekwenda, nikamwona mama akinipokea Kitui mikono mitupu, nikalia.

Kufika kituoni sijakaa vizuri, huyo Bwana Liu na teksi, ndala miguuni, amebeba suruali yangu nzima (neno ikama alilisikia, ila kumpekua mtu mifukoni aliona si adabu). Akaiweka mezani kwa afisa aliyejua Kiingereza.

"Mwanzo custody ya uongo," akasema, jasho likimtoka kwa kila neno. "Sasa custody ya kweli. Tafadhali, huyu ni mwalimu wangu."

Afisa akacheka mpaka akajifuta macho, akaitoa ikama mfukoni, akaniambia, "Halas, mwalimu. Yalla, nyumbani."

Miaka yote hapa naitwa dereva, au "wewe". Siku hiyo bosi wangu alisimama mbele ya serikali akaniita mwalimu, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka leo. Siku hizi ikama naivaa shingoni, na masomo tunafanya tumekaa.

Juzi ameniuliza "deportation" ni nini. Nikamwambia, bosi, hiyo ya kufukuzwa nchini tutaisoma kwenye kamusi.