Dumu Juu ya Kasia

Watu wa mbali wakisikia maharamia wanafikiria bahari kuu na meli za chuma. Niliwahi kumwambia mgeni mmoja kwamba hata sisi Ujiji tunao, akacheka, akauliza ziwani kuna nini cha kuiba. Kidogo nimtukane. Cha kuiba kipo. Kuna injini, kuna mafuta, kuna saruji na sabuni zinazokwenda Kongo, kuna mawese yanayorudi. Na kuna roho za watu, ingawa hizo hakuna anayezijali.

Mume wangu alikuwa nahodha wa boti ya mbao ya mizigo. Boti haikuwa yake, ilikuwa ya tajiri mmoja wa Kigoma mjini. Kazi yake yeye ilikuwa kuvuka na kurudi. Petroli ilipoanza kupanda bei, ikapanda na kupanda, tajiri akaingiwa na ubahili. Zamani boti haikuondoka mwaloni, pale ufukweni Kibirizi zinapopakia, bila mafuta ya akiba. Sasa akawa anapima ya kufika tu. Mume wangu akilalamika anajibiwa, "Kama hutaki, wanaotaka kazi wamejaa Kibirizi." Mtu mwenyewe hajawahi hata kulowana magoti! Nilimchukia mtu yule na ninamchukia hadi leo, sifichi.

Basi boti zikawa zinaishiwa mafuta katikati ya maji, siyo ya kwetu tu. Na ziwani kulikuwa na desturi. Ukiishiwa, unachukua dumu tupu, unalifunga kwenye ncha ya kasia, unaliinua juu. Boti yoyote itakayoliona inageuza inakufuata, hata kama nahodha wake mligombana jana. Anakugawia kidogo, unafika. Hakuna aliyeuliza unatoka Tanzania, Burundi au Kongo. Mume wangu alikuwa akichelewa, nikimfokea kwamba chakula kimepoa, ananiambia, "Kulikuwa na dumu juu, mama watoto." Ugomvi unaishia hapo.

Majambazi nao wana macho. Wakaanza kuinua madumu. Boti inageuka kwa huruma, ikikaribia inakuta bunduki. Injini inafunguliwa, mizigo inahamishwa, watu wanaachwa waelee. Wengine walirudi wamepigwa hadi hawatambuliki. Ikatokea huku na kule, mpaka manahodha wakakaa kikao pale Kibirizi, wakakubaliana: dumu likiinuliwa, hakuna kugeuka. Mume wangu alirudi kutoka kwenye kikao hicho akakataa kula. Mimi nilimshukuru Mungu, nikamwambia afadhali mmepata akili.

Siku yenyewe nilikuwa mwaloni tangu asubuhi nikisubiri mawese yangu ya kuuza. Mume wangu alikuwa ameondoka jana yake na boti nyingine, ya bluu, ambayo tajiri alikuwa ameinunua Burundi juzijuzi tu. Ile tuliyoizoea ilikuwa imepandishwa nchi kavu kuzibwa nyufa. Mchana ikafika boti ya jirani yetu wa mtaa wa Rusimbi. Huyu alifundishwa unahodha na mume wangu mwenyewe, akala kwangu miaka na miaka kama ndugu. Alishuka anacheka.

"Shemeji, leo nimewapiga chenga wale mbwa! Dumu juu, wanapunga na shati, wamejitia unyonge. Nikaongeza moto, nikawaacha hapohapo."

Watu wakampongeza. Na mimi nikampongeza, nikamwambia Mungu aendelee kumlinda. Kisha mpagazi mmoja akamuuliza boti yenyewe ikoje. Akasema ni ya bluu, rangi bado inang'aa, hajawahi kuiona ziwa zima.

Nilimkamata mkono.

"Hiyo ndiyo boti aliyopewa kaka yako," nilimwambia. "Huyo ni mume wangu."

Alinitazama kama mtu asiyejua Kiswahili. Kisha akaanza kupiga kelele, petroli, petroli, leteni petroli. Tangi lake lilikuwa limebaki harufu tu. Wallahi, hapo ndipo nilipowajua binadamu. Walitazamana. Mmoja akasema akitoa yake atarudije kwao, mwingine akauliza nani atamrudishia. Nilipiga magoti mchangani, nikaomba petroli kama mtu anayeomba maji ya kunywa, wakanionea aibu, wakatoa. Huyu kichupa cha soda, yule nusu kidumu. Lakini kuchangishana kulichukua muda, na jirani na wenzake walipoondoka kumfuata, upepo wa kusini ulikuwa umeshachachamaa, maji yote meupe.

Walirudi jua limezama, mikono mitupu. Baadaye wavuvi waliikuta ile boti ya bluu imepinduka, karibu na upande wa Kongo. Mume wangu na baharia wake hawakuonekana. Tukamswalia pasipo maiti. Tajiri alituma gunia la mchele, na aliyelileta akaulizia injini.

Yule jirani huniletea migebuka kila Ijumaa. Napokea, watoto wanakula. Karibu ndani simwambii, na yeye hangoji kuambiwa. Nimejaribu kumchukia kama ninavyomchukia tajiri, nimeshindwa, na kumsamehe nako nimeshindwa.

Ijumaa iliyopita alikabidhi samaki halafu akabaki amesimama mlangoni. Akasema jana yake aliona dumu lingine, mbali kidogo na Kalemie, upande wa Kongo.

"Ukafanyaje?"

"Nilipita, shemeji." Alikuwa anatazama chini. "Nina watoto."

Nilitaka kumtukana mpaka majirani watoke nje. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kabisa. Nikajisikia ninamwambia, "Umefanya vizuri." Nikaingia ndani na samaki wangu, nikafunga mlango, nikalia.