Kiondo Nusu Nilichopeleka Mwingi

Mimi nimetembea sana. Watu wa kwetu Mbumbuni, Makueni, wakisikia nilikaa Uarabuni miaka mitatu huniuliza niliona nini. Niliona bahari nikiwa nimebeba mtoto wa wenyewe. Niliona milima nikiwa nimebeba mtoto huyo huyo, na sanduku la barafu. Kuna mji mmoja wana jengo refu ambalo watu hulipa kulipanda. Hilo nililiona kutoka nyuma ya gari, kioo kimepandishwa, nikichambua samaki mifupa ili mtoto asisakamwe.

Nilipelekwa na mzee wa kanisa letu. Jina lake sitaandika, lakini yeye anajijua na waumini wanamjua, maana kila Jumapili ndiye anashika kapu la sadaka. Ana ofisi ya kupeleka wasichana ng'ambo, juu ya duka la mbolea. Mimi sikuwa msichana, nilikuwa na miaka arobaini na mbili na nimesoma mpaka darasa la sita. Aliniambia huko wanapenda watu wazima kwa sababu hawasumbui. Hapo hakudanganya. Kwa yale mengine yote alidanganya. Mkono wangu wa kushoto una alama ya pasi ya nguo, na aliyeishika pasi ni mama mwenye nyumba. Yeye pia anajijua, ingawa hatasoma hii.

Rafiki yangu nilimpata juu ya nyumba, kwa kamba za kuanika. Nyumba za huko zimeshikana, kwa hivyo ukianika yako unaona anayeanika ya jirani. Mwezi wangu wa pili nilisikia mtu upande wa pili wa ukuta akitukana kibanio cha nguo kwa Kikamba. Matusi kamili, mpaka ukoo wa kibanio. Nilisimama na shuka mkononi nikaanza kucheka, na nilikuwa sijacheka tangu Nairobi.

"Ni nani huyo ananicheka?" akauliza.

"Ni wa Makueni."

"Ai! Kumbe mko mpaka huku? Nyinyi mliuza mchanga wa mto mpaka maji ikahama."

"Na wewe wa Kitui, ulimaliza kuchoma miti yote makaa ndio ukaja jangwani?"

"Mimi ni wa Mwingi, huko huko Kitui. Hapa naona ni kama nyumbani, ni ngamia tu wameongezeka."

Ndivyo tulivyosalimiana. Yeye alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi hivi, mrefu, meno ya mbele yameachana. Mimi alikuwa ananiita mwaitu, yaani mama yangu, akitaka kuniudhi.

Watu wa huko wana mambo ya kupitisha wakati. Bosi wangu alikuwa anafuga ndege, na mke wake alikuwa anabadilisha pazia. Sisi tukasuka. Katani haikuwa, kwa hivyo tulichukua magunia ya mchele yaliyoisha, yale ya nailoni, tukayafumua uzi mmoja mmoja na kuzisokota juu ya paja vile mama zetu walitufundisha. Paja langu liliota malengelenge. Mama mwenye nyumba alidhani ni ugonjwa, akaninyima kushika mtoto siku mbili, na hizo ndizo likizo pekee nilipata huko.

Tulisuka kiondo kimoja, wote wawili. Wiki moja kilikuwa kwangu na wiki moja kwake, tunarushiana juu ya ukuta. Tulikuwa tunagombana. Yeye husuka kwa kukaza, ukimimina maji ndani hayatoki leo. Mimi mkono wangu ni wa kulegea kidogo. Alikuwa akikipokea ananiambia, "Mwaitu, hii safu yako nyanya itapita."

Mwaka wa pili alitoroka ile nyumba. Sababu ni mwenye nyumba, yule mwanaume, na sitaeleza zaidi, kila mtu mzima ameelewa. Akaenda kukaa na wanawake wengine wanane kwa chumba kimoja, wanafanya kazi za siku, huku paspoti yake imebaki kwa kabati ya yule mwanaume. Alipopigia simu mzee wa kanisa amsaidie, maana ndiye alimpeleka yeye pia, huyo mzee alipanda gari mpaka Mwingi, akaingia kwa mama wa huyu rafiki yangu, akamwambia, "Mtoto wako ametoroka na mwanaume. Ametuaibisha sisi watu wa Mungu." Kisha akala, akaomba, akaenda.

Mama akaacha kushika simu. Akatuma ujumbe mmoja tu, ulioandikwa na mke wa mtoto wake: mimi sina msichana huko. Jina la rafiki yangu likaondolewa kwa orodha ya maombi ya kanisa lao.

Kuanzia hapo tulikuwa tunaonana Ijumaa, kwa pipa la taka la mtaa. Nilikuwa naweka kiondo ndani ya mfuko mweusi kando ya pipa, anachukua, wiki inayofuata ananirudishia hivyo hivyo. Alikuwa anauliza jambo moja tu: kama nimempata mama yake kwa simu yangu. Nilikuwa nimejaribu. Akisikia sauti ya Makueni anakata.

Mkono wangu ulipoanza kuoza kwa ule moto wa pasi, wakaogopa nitawafia ndani ya nyumba, wakanikatia tikiti. Ijumaa ya mwisho rafiki yangu hakulia. Alinipa kiondo kikiwa nusu, nyuzi zinaning'inia, na sindano ndani.

"Peleka kwa mama. Mwambie amalizie mdomo. Akikubali kushika, ananijua. Akikataa, usinipigie, nitaelewa tu."

Kwa hivyo wiki ya tatu baada ya kufika nikaenda Mwingi, halafu pikipiki mpaka kwao. Njiani kote nilipanga maneno. Nilikuta mama, mke wa mtoto wake na majirani wawili wakipepeta ndengu uani. Mama ni mwembamba, mrefu, meno ya mbele yameachana.

"Wakya," akanisalimu.

"Aa," nikaitika, vile mdogo huitikia.

Hapo nikakosea. Mtu mwenye akili angekaa, angekunywa maji, angesema mvua imepotea. Mimi nilikuwa na haraka. Nikasema, "Nimetoka ng'ambo, nilikuwa na msichana wako," nikatoa kiondo nikaweka kwa mapaja yake.

Mkamba akisoma hapa ameshashika kichwa. Kwetu mwanamke hatoi kiondo chake kikiwa na sindano ndani. Ukiona mgeni amekileta hivyo, nusu, kwa mama wa mwenyewe, mwenyewe hayuko tena duniani. Nilikuwa najua hivyo tangu nikiwa mtoto. Rafiki yangu pia alijua. Miaka ya kukaa kwa wenyewe imetufanya wajinga wote wawili.

Mama alipitisha kidole kwa zile safu zilizokazwa. Kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kusikia ikitoka kwa mtu mwembamba. Mke wa mtoto akapiga nduru. Ndengu zikamwagika. Majirani wakaja kutoka kila upande, na pasta alikuwa karibu, akafika akiwa bado anavaa koti.

Nilisema "yuko hai" mara nne. Watu wa Kitui wakianza kulia hawasikizi wa Makueni. Viti vilikuwa vimeshatolewa na wimbo wa pili umeanza nikaona heri nimshike mama mabega nimwambie sikioni.

"Mwaitu. Hajakufa. Ijumaa yangu ya mwisho huko alikuwa amesimama kwa pipa la taka."

Akanyamaza. Wengine wakaendelea kidogo, halafu mmoja mmoja wakaacha, pasta wa mwisho.

"Hajakufa?"

"Hajakufa."

"Sasa mbona umeniliza?"

Nikamweleza. Kuhusu mwanaume mwenye nyumba, kuhusu kabati, kuhusu chumba cha watu tisa, na kwamba hakuna mwanaume yeyote aliyetoroka naye. Mbele ya watu wote, maana hawakuwa wanaenda. Mama alisikiza akiokota ndengu kutoka kwa mchanga, moja moja.

"Yule mzee alikula hapa," akasema. "Alikula kuku mzima."

Mke wa mtoto akasema pole pole, "Lakini si ulisema huna msichana huko?"

"Nilisema."

"Na saa hii umemlilia."

"Nyamaza wewe."

Lakini lilikuwa limeshatoka. Kijiji kizima kilikuwa kimemwona akimlilia mtoto ambaye miaka miwili alisema hayuko. Hakukuwa na mahali pa kulirudisha. Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa, akaninyooshea mkono.

"Leta simu."

Nikapiga. Rafiki yangu alishika akafikiri ni mimi. "Mwaitu, amekataa, sindio?"

"Ni mama yako halisi," mama akasema. "Umeniliza bure mbele ya pasta."

Akaanza kumpa habari za nyumbani kwa utaratibu, kama mtu anayesoma: nani alizaa, nani alioa, nani tulizika, mbuzi mwekundu alikufa, kisima cha juu kilikauka. Pasta akaletewa chai. Alipomaliza habari zote akauliza, "Sasa unakuja lini?"

Sauti ikasema paspoti iko kwa kabati, na mzee anasema hiyo si kazi yake.

Mama akafunika simu kwa kiganja akanigeukia. "Huyo mzee anakaa wapi?"

Nikamwambia. Njia, duka la mbolea, ngazi, mpaka rangi ya geti ya nyumbani kwake na siku ambazo hukosi kumpata. Pasta alisikia yote akakoroga chai.

"Kesho niko Makueni," mama akasema ndani ya simu. "Na wewe usitoke hapo ulipo."

Mtu wa kufungiwa paspoti kwa kabati, angetoka aende wapi? Akajibu, "Ndio, mama."