Bure Kabisa

Wiki sita nilihangaika kuchagua kitu ambacho hakuna mtu pale ofisini angeweza kukiona kwa macho. Kinaitwa seva ya programu, na kila nilipolitaja jina hilo watu walianza kutazama saa. Basi nikaachana na jina, nikawa naeleza kazi yake: ni programu inayokaa katikati. Karani akibonyeza kule Makumira, yenyewe inapokea swali, inakwenda kuuliza kwenye taarifa za wagonjwa zilizohifadhiwa Themi, inarudisha jibu. Hiyo ya katikati isipokuwepo, kompyuta zote zilizobaki ni mapambo.

Enzi zile kila mwenye uwezo alikuwa anajaribu shughuli ambazo zamani zilikuwa za serikali tu, na mwajiri wangu alifungua zahanati tatu: Themi, Njiro na Makumira. Masjala ilikuwa moja, Themi, chini ya mama mmoja wa Tanga aliyeletwa Arusha na ndoa, mume akafariki, akabaki. Mgonjwa akitibiwa Njiro leo na Makumira wiki ijayo, faili lake lilisafiri kwenye gari la dawa. Likipotea, lawama zote kwa mama. Alikuwa ameshapewa onyo la mwisho kwa maandishi: likipotea faili moja tena, kazi hana. Na watoto wake wawili walikuwa bado sekondari. Mimi na kiherehere changu nikamwambia, "Mama, usihofu. Mfumo wa kompyuta ukianza, hakuna faili litakalosafiri." Nilimwahidi kwa mdomo wangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwishoni nilibaki na seva mbili. Ya kwanza iliuzwa na kampuni moja ya Dar, ndani ya boksi linalong'aa, na vitabu vinene vya maelekezo. Nilijaribu nakala yao kwenye mashine yetu siku nne. Inawaka, inakwama, inazima. Memori yetu haikuitosha. Ya pili, walioiandika wameiachia mtu yeyote aichukue kwenye mtandao. Niliidaunlodi kwenye intaneti kafe ya mjini, laini inakatika, naanza upya, mwenye duka ananikodolea macho kwa jinsi nilivyoking'ang'ania kiti chake. Siku ya tatu ikaingia yote. Nikaiweka kwenye mashine ile ile. Mama akaandika jina la mgonjwa mmoja wa kisukari wa Makumira, akabonyeza, taarifa zake zikaja.

"Alaa!" akasema, akabonyeza tena kuhakikisha. Halafu akapiga kigelegele, nesi akaja mbio kuuliza nani kajifungua.

Kikafika kikao cha bodi ya zahanati, cha kuamua ichukuliwe seva ipi. Wajumbe walikuwa sita, na mwenyekiti alikuwa mzee mmoja mwenye maduka ya vipuri vya magari. Nikawaamkia wote. Mwakilishi wa ile kampuni ya Dar akaanza yeye, kavaa suti, boksi lake mezani, na kila mjumbe akapewa kalamu na shajara. Zamu yangu ikafika. Kwetu tunaongea Kichaga. Kiswahili nilikipatia shuleni, na siku hiyo kilinitupa mkono. Nilisimama, nikasema kwa sauti ya kujiamini, "Waheshimiwa, hii yangu ni bure kabisa."

Mwenyekiti akanitazama. "Sasa binti, kama ni bure kabisa, unatuletea ya nini?"

Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani ajifute machozi. Nami nikazidi kuharibu: "Hapana mzee, si bure hivyo, ni bure tu!" Jamani! Nikaeleza habari ya memori. Nikaeleza jinsi boksi lilivyokuwa linazima. Nikawaomba waje masjala, mlango wa pili tu kutoka pale, wajionee wenyewe. Hakuna aliyenyanyuka. Mwenyekiti akasema hawezi kuwakabidhi wagonjwa kwa kitu ambacho hata aliyekileta anakiita bure. Boksi likapita. Nikaamriwa niifute ile yangu siku hiyo hiyo, nami nikaifuta huku nimefura kwa hasira, nikiwatukana kwa Kichaga.

Boksi likanunuliwa. Ndipo wakagundua kwamba mashine inahitaji memori zaidi, ikaagizwa nje. Tukangoja. Masika yakaanza, yakaisha, tunangoja. Mafaili yakaendelea kupanda gari la dawa, na moja likapotea kati ya Makumira na Themi.

Mama aliitwa asubuhi. Aliporudi na barua mkononi, nilikuwa namsubiri masjala, na maneno yakanitoka mfululizo: wajinga wale, wanapenda maboksi, hawajui chochote, wamekuonea mama yangu. Aliniacha niseme. Alitoa kanga yake kwenye kiti, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba.

"Pole, mwanangu," akaniambia. Yeye ndiye ananipa pole mimi! "Lakini na wewe. Ungewaambia ni msaada, wazungu wametoa. Bodi gani Arusha hii iliwahi kukataa msaada?"

Nilibaki nimesimama pale na digrii yangu. Neno moja tu, na nilikuwa nalijua.