Kiganja Mgongoni mwa Mwenyekiti

Mume wangu alikuwa mwenyekiti. Nalitaja hilo kabla ya mengine kwa sababu hata yeye alilitaja kabla ya mengine. Mchana alipanga barua kwenye kituo cha posta, chini ya bosi kijana ambaye alimwita kwa kumpigia kidole. Jioni akishavua viatu alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha Waswahili wa Stockholm, nikisema Waswahili nina maana ya Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo na Warundi wachache, kila mmoja na Kiswahili chake. Tulikutana katika ukumbi wa wapangaji chini ya ghorofa letu, Hagsätra, pale treni inapoishia. Tuliozana, tulizikana, na tuligombana kuhusu nani hajarudisha sufuria ya nani. Na kila mwaka, baridi ikianza kulegea, tulipiga kura.

Kile kiti alikipenda, jamani. Akiingia ukumbini watu walisimama, na mgongo wake ulinyooka mpaka nikahisi nimeolewa na mtu mrefu. Kwingine kote katika mji ule hakuna aliyesimama kwa ajili yake. Mimi niliyaona hayo, ndiyo maana nilimvumilia hotuba zake hata za nyumbani, na za nyumbani zilikuwa nyingi.

Miaka ya themanini ilikuwa katikati, na uchaguzi ulikuwa karibu, alipomtolea hotuba dada mmoja Mganda, msusi wa kitongoji cha Fisksätra. Yule dada alikuwa ametoka visiwa vya Kanari na mumewe, wiki nzima ya kulala mchangani, na akaja mkutanoni Februari ile amevaa kofia ya ukili. Sisi wengine tulikuwa na makoti mpaka magotini. Mume wangu akasimama. Akasema watu wetu husafiri kwa sababu tatu tu, kwenda nyumbani, kwenda kuzika au kwenda kuozesha, na mtu anayepanda ndege kwenda mahali asipokuwa na hata binamu, huyo ana lake jambo. Kisha akamalizia kwa sauti ya mimbari: “Hatukuja Ulaya kujianika.” Ukumbi ulipiga makofi. Yule dada akavua kofia yake taratibu, akaiweka mapajani, akamtazama mume wangu bila kusema kitu. Nikasema moyoni, huyo hajanyamaza, anangoja.

Basi siku chache baadaye mimi, ambaye sijawahi kushinda hata sindano, nikashinda bahati nasibu ya wafanyakazi. Nilikuwa napika katika jiko la hospitali. Zawadi ilikuwa safari ya watu wawili kwenda kisiwa kimoja cha Karibi, hoteli na chakula, pamoja na kufundishwa kuelea juu ya matumbawe, na miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia unapewa papo hapo na tiketi, viwe vyako. Wenzangu wa jikoni walinikumbatia mmoja mmoja. Nilirudi nyumbani na treni huku nacheka peke yangu, na Waswidi wakahamia viti vya mbali.

Mume wangu hakucheka. Alikaa kitandani akashika kichwa. Akaniambia watu wakijua, uchaguzi umekwisha, na yule msusi atamvalisha ile kofia mbele ya ukumbi wote. Akataka niirudishe ile zawadi. Nirudishe! Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa nasikia mawimbi, na sijawahi hata siku moja kuona kilichomo ndani ya bahari isipokuwa kikiwa kwenye sahani, maana mabinti wa kwetu hatukuachiwa kuogelea. Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba asihangaike, nitakwenda na mpishi mkuu, yule mjane mwenye kifua kipana, ambaye kuogelea anakujua. Kabla sijamaliza kuosha vyombo alikuwa ameshusha sanduku.

Lakini alitoa masharti yake. Tutasema amepelekwa na daktari kwenye nyumba ya mapumziko ya wagonjwa wa mgongo, huko kaskazini kwenye theluji, na mimi namsindikiza. Magunia ya barua yalikuwa yamemsumbua mgongo miaka, kila mtu alijua, kwa hiyo uongo ulikuwa na miguu. Hakuna kamera. Hakuna zawadi. Hakuna kadi ya posta hata moja, na hilo alilisema kama mtaalamu, kwa sababu kadi ile ingepita kwenye meza za wenzake.

Wiki ile ya kungoja alijifunza kupumulia mrija ndani ya beseni letu la kuogea. Mtu mzima wa Singida, asiyejua kuogelea, uso chini, makalio juu, akitoa sauti ya ng'ombe anayekunywa maji. Jirani wa chini alipanda kuuliza kama bomba limeharibika. Nilimjibu ndiyo, na litachukua siku kadhaa.

Kisiwani siku ya kwanza alikaa chini ya mwavuli na shati limefungwa mpaka shingoni, akikagua kila mtu anayepita, asije akawa ametoka Hagsätra. Siku ya pili nikamvua shati nikamburuta. Mwalimu, kijana wa pale pale mwenye subira ya malaika, alimpa ubao laini wa kulalia kifuani, akamwita waingie maji ya kiunoni. Mimi nilikuwa na chupa ya mafuta ya jua ambayo bibi mmoja Mswidi wa hoteli alinipa kwa kunihurumia. Nikamwambia mume wangu apake. Akacheka. Akanijulisha kwamba amezaliwa Singida, jua amelijua kabla hajamjua mamake, na mafuta yale ni ya watu waliofugwa gizani. Nikajaza kiganja, nikamwahi, nikambandika pa! katikati ya mgongo. Akaniponyoka na kuingia majini, mafuta yamemkaa pale pale nilipombandika na si kwingine.

Kisha akainamisha uso majini, na mwenzenu nikampoteza mume.

Hakutoka. Nilimwita, nikampungia, hana habari. Nami nikavaa miwani yangu nikamfuata, na hapo ndipo nilipoelewa. Kulikuwa na pono, wale wale ninaowala tangu utoto, wa kijani na bluu na midomo ya waridi, wanatafuna matumbawe na unasikia meno yao. Nimekaanga pono maisha yangu yote na sikujua kwamba wanatafuna kwa kelele. Kasa akapita chini yetu, mkubwa kama meza ya chai, anatupuuza kabisa. Mume wangu akanishika mkono ndani ya maji akaubana, na tukabaki hivyo mpaka vidole vikanyauka. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nakiri, nililia ndani ya miwani ikajaa.

Alielea asubuhi hadi jioni, uso chini, mgongo juu. Usiku ule alilala kifudifudi, na si kwa hiari. Mgongo ulikuwa umevimba na kuwaka, na hata upepo wa feni ulimtoa machozi. Miaka ya Stockholm ilikuwa imemfuta Singida yote mgongoni, naye hakuwa na taarifa. Na kila alipofumbua mdomo kulalamika, kilichotoka ni kasa. “Uliona alivyogeuza shingo?” ananiuliza. Halafu ananyamaza, kwa sababu anakumbuka hatakuwa na mtu wa kumsimulia. Hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Tulirudi na ndege, yeye amekaa kwa kuinama, kipaji cha uso kwenye kiti cha mbele, kama mtu anayesujudu njia nzima. Miwani na mirija aliamuru tuwaachie watoto wa mwalimu. Mimi miwani yangu niliizungushia khanga mbili nikaitia chini ya sanduku. Sikuona kwa nini nimuage kasa moja kwa moja.

Nyumbani nilimlaza kwenye kochi na kumpaka mtindi mgongoni, dawa ya yule bibi Mswidi. Sasa, sisi tulijisahau jambo moja. Ukiwatangazia Waswahili kwamba mtu wako ni mgonjwa, hawangoji kualikwa. Kengele ikalia siku ya pili, mlango ukafunguka, na wakaingia na masufuria: sombe ya majani ya muhogo, chapati, ndizi kwenye majani na mchuzi wa karanga. Mbele yao bibi mmoja wa Bujumbura, ambaye sote tulimwita bibi na sote tulimwogopa. Nyuma yake Mkongo, katibu wetu, aliyemwita mume wangu président hata anapomwomba chumvi. Na wa mwisho, sufuria ya matoke mikononi, yule msusi wa Fisksätra.

Walimkuta mgonjwa amelala kifudifudi amepakwa mtindi. Uongo wetu ulikaa vizuri kuliko tulivyouomba. Walisema pole, wakasema madaktari wa kaskazini si watu, wakaamua wenyewe kwamba amepasuliwa, wakauliza amechanwa wapi. Mume wangu akaguna tu, na niliona sikio lake moja limetulia, limeshaanza kuhesabu kura. Uchaguzi ulikuwa Jumamosi.

Bibi hakuridhika. Alitaka kuona mshono. Akachukua kitambaa na kabla sijafika akaufuta mtindi wote kwa mkupuo mmoja.

Hapakuwa na mshono. Palikuwa na mgongo mweusi tii, unaobambuka kama rangi ya ukuta, na katikati yake, safi, laini, mng'avu, kiganja cha mtu. Vidole vyote vitano. Hata pete ilionekana.

Bibi aliinama, akasogeza miwani yake ya macho. Kisha akanishika mkono wangu wa kulia, akaupeleka mpaka kwenye ule mgongo, akaupima. Ulikaa barabara.

“Binti,” akaniambia, “mtu mgonjwa unampiga hivi?”

Loo. Nikawatazama wote, na wote walinitazama mimi, hasa mikono yangu, na katibu alirudi nyuma hatua. Nikageuka kwa mume wangu. Nilijua anachopigia hesabu. Akinyamaza, atapata huruma na kiti. Akisema, amekipoteza, tena mbele ya yule yule dada. Na wallahi nilidhani atanyamaza. Nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia.

Akainuka kwa viwiko, mtindi unamchuruzika ubavuni.

“Hajanipiga,” akasema. “Ni mafuta ya jua. Tulikwenda Karibi kuogelea na samaki.”

Naye, akishaona bomba limepasuka, akaliachia lote. Akawasimulia ubao wa kifuani, mrija wa kupumulia, samaki mwenye midomo ya waridi anayetafuna mawe mpaka unamsikia, kasa mkubwa kama meza aliyegeuza shingo na kumwangalia. Alisimulia kwa macho yanayong'aa, mikono inapiga makasia hewani. Sijawahi kumpenda kama saa ile, na nilimwambia hivyo baadaye, akajitia hajasikia.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamfunika kwa shuka, taratibu, akampigapiga kichwani.

“Masikini,” akawaambia wenzake kwa sauti ya chini. “Anavyomtetea.”

Katibu akatikisa kichwa akanong'ona kwamba président ni mtu wa heshima kubwa. Mtu wa Singida, asiyejua kuogelea, aliyewakataza wengine kujianika, leo anasingizia samaki wenye midomo ya waridi ili kuficha aibu ya mkewe! Kadiri mume wangu alivyoapa ndivyo walivyomhurumia. Mmoja alikuwa anafuta machozi.

Mimi nilikuwa na ile miwani kabatini, katikati ya khanga. Hatua chache tu. Nilishainuka kuifuata, kwa sababu jina langu ni jina langu na sikulipenda lilivyokuwa linaburuzwa. Nikafika mlangoni mwa chumba, nikamtazama. Alikuwa amekitupa kiti chake kwa ajili yangu, na kiti kilikuwa kimemrudia chenyewe, na yeye peke yake ndiye hakuwa amegundua. Bado alikuwa anahangaika kuwaeleza yule kasa.

Nikarudi nikakaa.

“Haya,” nikasema. “Nilimpiga. Alisahau kutoa takataka.”

Jumamosi alichaguliwa bila mpinzani. Ukumbi ulisimama, na ulibaki umesimama muda mrefu kuliko kawaida. Aliyependekeza jina lake alikuwa msusi wa Fisksätra. Hotuba ya kujianika haikusikika tena, si mwaka ule wala uliofuata. Mimi kwa miaka mingi baadaye niliitwa mke wa ngumi, na wanaume wa chama kizima walinisalimu wakiwa na takataka zao mikononi.

Ila siku ile ya masufuria, wengine walipokuwa wanatafuta viatu vyao, yule dada alibaki nyuma jikoni kunisaidia kupakua matoke. Hakuniangalia. Alikuwa anakwangua sufuria.

“Dada,” akaniambia, “mafuta hupakwa mgongo mzima.”

Kisha akaniuliza kama kweli tulimwona kasa, maana wao Kanari hawakumwona.