Barua ya Posa Niliyoianza kwa "To Whom It May Concern"

Nilikosa mimi, jamani, wala sitamsingizia shetani. Shetani hajui kupiga taipu.

Enzi zile za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa karani katika ofisi moja pale Moshi mjini. Nilipiga taipu barua za Kiingereza za kuwatambulisha watu, na zote zilianza hivi: "To Whom It May Concern". Yaani kwa yeyote anayehusika, maana hatukujua nani angezisoma. Lo, maneno yale yalinipanda kichwani! Nikaona barua isiyoanza hivyo si barua.

Basi nikampenda Felista wa Kirua Vunjo. Baba yake, Mzee Gaspari, alikuwa mwalimu mstaafu, na nilishakula mtori, ile supu nzito ya ndizi, kwake mara nyingi hata mbwa wao akaacha kunibwekea. Wakati wa posa ulipofika, mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa mshenga, akanionya.

"Andika Kiswahili, mwanangu, tena kwa mkono. Mtaje mzee kwa jina lake."

Nikaitikia ndiyo, kisha nikafanya ukaidi wangu. Kiingereza kitupu! Juu kabisa nikaweka "To Whom It May Concern", chini nikaomba kumwoa "binti yako", halafu nikaifunga bahasha kwa gundi ili mjomba asichungulie.

Wiki ya pili majibu yakaja, kwa Kiswahili, mwandiko ulionyooka wa mwalimu: "Barua yako imefika. Nimeuliza nyumba nzima, mpaka ng'ombe zizini. Anayehusika hajapatikana."

Mjomba alinisema kwa Kichagga mpaka kikamwishia, akahamia Kiswahili. Mzee aliyenilisha nilikuwa nimemwandikia kama mtu nisiyemjua! Aibu ilinishika, nakwambia.

Kwetu aliyekosa huenda na isale, lile jani la kuombea msamaha, na aliyekosewa halikatai. Jumapili baada ya misa mimi na mjomba tukapanda Kirua na jani letu na mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba. Nimekosa."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe unayehusika?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana mzee alikuwa ameshalipokea isale. Moyoni nikaanza kuchagua suti ya harusi.

Nikamfuata Felista kule migombani, meno yote nje.

"Baba amekusamehe," akasema. "Na mimi je?"

"Wewe nimekukosea nini?"

"Umeandika 'binti yako'. Mabinti tuko watatu hapa nyumbani, na barua nzima haina jina langu. Isale umempa baba. Mimi umeniletea nini?"

Sikuwa na kitu mkononi. Badala ya kumwomba radhi, mimi mpumbavu nikaanza kumfafanulia jinsi barua rasmi zinavyoandikwa! Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua ndoo yake, akaenda kukamua.

Mwaka uliofuata aliolewa na muuza mbegu wa Kwa Sadala. Kadi ya mwaliko ilinifikia ofisini. Felista alikuwa ameandika majina yangu yote matatu, kwa mkono wake mwenyewe. Niliisoma pale mezani, na nililia, sifichi.

Enyi vijana mnaojua sana, maneno yale ni ya kumwandikia usiyemjua. Unayemjua mwite kwa jina lake, tena mapema, kabla mwingine hajamwita.