Sahihi yangu kwenye fomu ya ukaguzi

Leo nimesimama mbele ya wakaguzi nikamsifu rafiki yangu, kumbe aliniuza kitambo.

Mama Shiru wa hapa Tassia ana ofisi ya kuelekeza wazazi kwa vituo vya kulea watoto. Sasa anatafuta cheti cha ubora, akaniomba nije niseme nilivyohudumiwa.

Nikasema bila kupepesa macho: "Huyu hapeleki mtoto mahali kabla hajapakagua mwenyewe."

Mkaguzi akafungua faili ya kituo anachoshinda mwanangu Baraka. Akauliza, polepole tu, "Mwikali ni nani?"

Ni mimi.

"Basi hapa inaonyesha wewe ndiye uliyekagua jikoni, choo na mahali watoto wanalala."

Sahihi ni yangu kweli. Siku nampeleka Baraka, Mama Shiru alinisongezea karatasi akasema, "Weka sahihi hapo chini, mamaa, ni ya mzazi tu." Sikusoma. Nani husoma karatasi ya rafiki?

Nikamwangalia Mama Shiru. Akaanza kupanga kalamu kwa meza.

Nikatoka mbio hadi kituoni kumchukua mtoto. Mlangoni nikapata mama mgeni akimwacha wake, bado mchanga. Akaniambia roho yake imetulia, kwa sababu ofisini kwa Mama Shiru walimwonyesha fomu kwamba mahali hapa pamekaguliwa na mtu.

Nyinyi mngemwambia vipi kwamba huyo mtu ni mimi, na jikoni kwenyewe sijawahi kuingia?